Kutia Utepe wa Ukingo kwenye Mfarishi kwa Cherehani

Ukingo ndio sehemu ya mfarishi inayochakaa mapema kuliko nyingine zote. Hapo ndipo mikono hushika tandiko linapovutwa usiku, hapo ndipo kitambaa husuguana na mbao za kitanda, na hapo ndipo mfuaji hukamua kwa nguvu zaidi. Mfarishi una tabaka tatu: kitambaa cha juu, kijazo cha katikati na kitambaa cha chini. Tabaka hizo zikiachwa wazi pembeni, kijazo huchomoza, nyuzi hufumuka na tandiko zima huanza kuachana. Utepe wa ukingo ni kipande kirefu cha kitambaa kinachozungushwa pande zote nne ili kufunika na kubana tabaka zote tatu kwa pamoja.

Kazi hii hufanywa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuushona utepe mbele kwa cherehani, kuugeuzia nyuma, kisha kuumalizia kwa sindano ya mkono. Ya pili ni kushona pande zote mbili kwa cherehani. Njia ya pili ni ya haraka na hustahimili kufuliwa mara kwa mara, ila ina sharti moja linalobeba mafanikio yote: utepe huanza kushonwa nyuma ya mfarishi na kumalizikia mbele. Mshono wa mwisho ndio unaoonekana, kwa hiyo ni lazima upitishwe fundi akiuona. Anayeanzia mbele hulazimika kumalizia nyuma, na wakati huo sindano hutokeza upande wa mbele mahali asipopaona.

Ziko pia mila za ushonaji zisizohitaji utepe kabisa. Wasidi wa Karnataka nchini India, ambao asili ya wahenga wao ni Afrika, hushona kwa mkono matandiko ya viraka yaitwayo kawandi. Wao huanza kwa kukunja ukingo kisha huzunguka wakielekea katikati, hivyo pembe huwa zimekamilika tangu mwanzo. Mfarishi unaoanzia katikati hauna njia hiyo. Ukingo wake hubaki wazi hadi mwisho, na utepe ndio unaoufunga.

Unene wa mfarishi na hali ya hewa

Upana wa utepe hutegemea unene wa mfarishi, na unene hutegemea mahali mfarishi utakapotumika. Mji wa Korogwe na Mombo viko bondeni, na joto lake huruhusu mfarishi mwepesi: kitenge juu, shuka chini, na shuka kuukuu katikati. Vugiri, Bungu na Dindira ziko wilaya hiyo hiyo ya Korogwe, lakini zimekaa juu kwenye milima ya Usambara, na baridi ya Juni hadi Agosti hudai kijazo kizito kama blanketi. Handeni iko kati ya hali hizo mbili: mchana una jua, usiku wa Julai hutaka tandiko la maana.

Kijazo kinachoshonwa kwa urahisi zaidi ni blanketi la zamani lisilo na mashimo, kwa sababu limekaa kwa unene mmoja na halisogei. Pamba iliyotandazwa hufaa pia, mradi mfarishi uwe umepigwa mishono ya karibu karibu katikati. Sufi, inayotumika sana kwenye mito na magodoro, ni laini na nyepesi lakini ina nyuzi fupi zinazoteleza. Hutoka kupitia ukingo ulio wazi, huingia chini ya meno ya cherehani na kuzunguka kikasha cha bobini. Mfarishi wa sufi hufungwa kwanza kwa mishono miwili ya kuzunguka ukingo kabla ya utepe kufikiriwa.

Kitambaa cha utepe

Kitambaa kinachofaa ni cha pamba, kilichofumwa kwa kukaza, chenye unene unaolingana na kitambaa cha juu au kuuzidi kidogo. Kitenge cha pamba hukubali pasi, hushika mkunjo na hakitelezi. Kanga ni nyembamba zaidi na huchakaa upesi ukingoni, lakini kwa mfarishi mwepesi hufaa, na pindo lake likikatwa kwa uangalifu huleta mapambo yaliyokwisha kupangwa kiwandani. Tetroni inayobaki kwenye sare za shule hupatikana kwa wingi kwa mafundi, ila haikai mkunjo na hutaka kupigwa bandi kabla ya kushonwa. Satini na vitambaa vinavyovutika ni vya kuepuka.

Mabaki ya vitenge kutoka kwa mafundi wa Manundu mjini Korogwe, au wa Chanika mjini Handeni, hutosha kwa utepe wa rangi mchanganyiko. Sharti ni kwamba vipande vyote viwe vya unene mmoja. Kipande kizito kikikutana na chepesi kwenye utepe mmoja, ukingo hupanda na kushuka.

Kila kitambaa hufuliwa kabla ya kukatwa. Pamba hurudi inapolowa mara ya kwanza, na utepe ukirudi baada ya kushonwa, hukunyata mfarishi wote. Kitambaa cha rangi kali, hasa nyekundu, buluu iliyoiva na nyeusi, hujaribiwa kwa kulowesha kona yake na kuisugua juu ya kitambaa cheupe. Kikiacha alama, hufuliwa tena na tena mpaka maji yatoke safi, la sivyo hubadilishwa.

Kupima

Kipimo cha utepe hutokana na hesabu, wala hakihitaji kubahatishwa. Utepe unaopendekezwa hapa ni wa mkunjo mara mbili: kipande hukunjwa katikati kwa urefu wake, hivyo ukingo hufunikwa na kitambaa cha mikunjo miwili. Upana wa utepe uliokunjwa unatakiwa kutosha mambo matatu: akiba ya mshono mara tatu, unene wa mfarishi mara moja, na ziada kidogo ya kuvuka mshono wa kwanza upande wa mbele.

Akiba ya mshono ikiwa milimita 8, unene wa mfarishi ukibanwa kwa vidole ukiwa milimita 3, na ziada ikiwa milimita 3, jumla ni 24 na 3 na 3, yaani milimita 30. Upana wa kukata ni mara mbili ya hapo: sentimita 6. Kwa mfarishi wenye blanketi, ambao unene wake hufika milimita 5 au 6, hukatwa sentimita 6.5. Futi kamba huwa na inchi upande mmoja na sentimita upande wa pili. Kwa vipimo vidogo namna hii, upande wa sentimita hupunguza makosa.

Urefu hupatikana kwa kujumlisha pande nne na kuongeza sentimita 30 za pembe na maungio ya mwisho. Kitanda cha futi nne kwa sita huhitaji mfarishi wa takriban sentimita 150 kwa 210 ili uning'inie kidogo pembeni. Mzunguko wake ni sentimita 720, na pamoja na ziada ni 750. Kitenge chenye upana wa sentimita 115 hubakiza kama 112 baada ya kuondoa kingo ngumu za kiwandani. Kila maungio ya mshazari hula urefu sawa na upana wa utepe. Vipande saba hutoa sentimita 784, vikitolewa 36 za maungio sita hubaki 748, pungufu kidogo. Kwa hiyo hukatwa vipande vinane, vinavyochukua sentimita 48 za kitenge. Sentimita 60 hutosha, pamoja na akiba ya kunyoosha ukingo uliokatwa upogo dukani.

Kanga yenye urefu wa sentimita 150 hukatwa kwa kufuata urefu wake. Vipande sita hutosha mfarishi huo huo, na maungio huwa machache.

Kukata na kuunga

Ukingo wa kitambaa hunyooshwa kwanza. Njia ya uhakika ni kuchomoa uzi mmoja wa mshindio kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, kisha kukata kwa kufuata mstari unaobaki. Michoro ya kitenge haitegemewi, kwa sababu mara nyingine huwa imechapwa upogo. Baada ya hapo mistari huchorwa kwa chaki na rula ndefu, au ubao ulionyooka, kwa nafasi ya sentimita 6 kila mmoja. Kukunja kitambaa mara nne na kukata kwa mkasi mara moja huokoa muda lakini huleta vipande vyenye kona katikati.

Kwa mfarishi wenye pande zilizonyooka, vipande hukatwa kwa kufuata uzi, si mshazari. Utepe wa mshazari huvutika, na ukingo ulionyooka hauna haja nao.

Vipande huungwa kwa mshazari ili uvimbe wa maungio utawanyike badala ya kukusanyika mahali pamoja. Ncha ya kipande cha kwanza hulazwa uso ukitazama juu. Ncha ya pili huwekwa juu yake uso ukitazama chini, vipande vikikutana kwa pembe mraba kama herufi L. Mstari huchorwa kutoka kona hadi kona ya mraba uliofanyika hapo, ukikata kona ya L, na mshono hufuata mstari huo. Kabla ya kukata ziada, utepe hufunguliwa kuhakikisha umenyooka na nyuso zote mbili ziko upande mmoja. Kisha hubakizwa milimita 6, na akiba hufunguliwa kwa pasi, nusu huku na nusu kule.

Utepe wote hukunjwa katikati kwa urefu, uso ukiwa nje, na kupigwa pasi. Pasi ya mkaa hufanya kazi hii vizuri kuliko nyingi za umeme kwa sababu ya uzito wake, mradi majivu yapulizwe kabla ya kuikaribisha kwenye kitambaa na kitambaa cha kuzuia madoa kiwekwe juu. Utepe uliopigwa pasi huzungushwa kwenye kipande cha boksi ili usikunjike wala kuburuzika chini.

Kuandaa mfarishi

Mfarishi huwa umekwisha kushonwa katikati kabla ya kufika hatua hii. Hutandazwa juu ya mkeka au sakafu safi, na urefu wake hupimwa mara tatu: upande wa kushoto, katikati na upande wa kulia. Upana hupimwa vivyo hivyo. Kipimo cha katikati ndicho cha kweli, kwa sababu kingo huwa zimevutika wakati wa kushona. Tabaka tatu hukatwa zilingane, na pembe hukaguliwa kwa kitu chenye pembe mraba halisi, kama daftari kubwa au kigae cha sakafuni.

Baada ya kukata, mshono mmoja wa hatua ndefu hupitishwa kuzunguka ukingo wote, milimita 4 kutoka mwisho. Mshono huo hubana tabaka, huzuia kijazo kutoka na kuzuia kitambaa cha juu kusukumwa mbele na mguu wa cherehani. Kwa kuwa uko ndani ya akiba, utepe utaufunika.

Kuandaa cherehani

Cherehani cha kawaida cha kanyagio, kiwe Singer ya zamani au Butterfly, kinatosha kwa kazi hii. Kinachohitajika ni mshono wa moja kwa moja tu. Tena kanyagio lina faida kwa vitu vinene: fundi huweza kupiga hatua moja moja na kusimama mahali hasa anapotaka, jambo ambalo injini ya umeme isiyo na mpangilio mzuri hulifanya kwa shida.

Sindano namba 14 hufaa mfarishi mwepesi, namba 16 hufaa wenye blanketi, na 18 hutumika penye tabaka nyingi sana. Sindano mpya huwekwa kabla ya kuanza, kwani sindano butu ndiyo sababu ya kwanza ya cherehani kuruka. Urefu wa hatua huwekwa milimita 3. Uzi wa juu huchaguliwa rangi ya utepe, na uzi wa bobini huchaguliwa rangi ya kitambaa cha chini, ili mshono wa mwisho usijitokeze upande wowote.

Mkandamizo wa mguu hupunguzwa kwa kulegeza kidogo skrubu iliyo juu ya mhimili wake. Mguu unaokandamiza mno husukuma utepe mbele na kuacha mfarishi nyuma. Jaribio hufanywa kwenye mabaki ya tabaka zile zile tatu pamoja na utepe. Vumbi la kiangazi na nyuzi za kijazo husafishwa kwa brashi chini ya bamba la meno kabla ya kazi na kila bobini inapobadilishwa, kisha tone la mafuta ya cherehani huwekwa na kufutwa.

Uzito wa mfarishi ni jambo la kupangiwa mapema. Ukiachwa uning'inie, huvuta sindano, hupinda mshono na mwishowe huvunja sindano. Meza au benchi huwekwa kushoto mwa cherehani na nyingine nyuma yake, zote zikilingana kimo na kichwa cha cherehani kadiri inavyowezekana. Kwa fundi anayefanyia kazi barazani, mkeka hutandikwa chini ili sehemu inayoshuka isikutane na udongo.

Mshono wa kwanza: nyuma

Mfarishi huwekwa upande wa nyuma ukitazama juu. Utepe huanzia karibu na katikati ya upande mmoja, kamwe si kwenye pembe. Kingo zake mbili zilizo wazi hulinganishwa na ukingo wa mfarishi, na mkunjo hutazama ndani. Kabla ya kuanza, utepe huzungushwa wote bila kushonwa ili kuona kama maungio yoyote yataangukia kwenye pembe. Yakiangukia hapo, mwanzo husogezwa.

Sentimita 20 za mwanzo wa utepe huachwa bila kushonwa. Mshono hufuata umbali wa milimita 8 kutoka ukingoni. Kama mguu wa cherehani haulingani na kipimo hicho, kipande cha tepu ya karatasi hubandikwa kwenye bamba kuwa mwongozo. Pini huwekwa kila sentimita 10, zikikata utepe kwa upana, na huchomolewa kabla sindano haijazifikia. Utepe hauvutwi na wala hausukumwi. Unalazwa tu.

Ikiwa kingo za mfarishi zimevutika kuliko kipimo cha katikati, chaki huwekwa kwenye utepe kuonyesha urefu wa kweli kati ya pembe na pembe, na ukingo hugawanywa ukalingana na alama hizo. Ziada ya mfarishi huingizwa kidogo kidogo. Hivyo tandiko hulala chini badala ya kupiga mawimbi pembeni.

Pembe

Mshono husimama milimita 8 kabla ya kufika mwisho wa upande. Hatua tatu za kurudi nyuma hupigwa, uzi hukatwa na mfarishi hutolewa chini ya mguu. Utepe hukunjwa kwenda juu, mbali na mfarishi, ili ufanye mshazari kamili na ukingo wake unyooke na upande unaofuata. Kisha hurudishwa chini, mkunjo mpya ukilingana na ukingo wa juu, na kingo zilizo wazi zikilingana na upande mpya. Pembe ndogo ya kitambaa hubaki imelala ndani. Mshono wa upande wa pili huanzia juu kabisa ya mkunjo huo na kuendelea.

Sehemu iliyoachwa bila mshono kwenye pembe ndiyo itakayogeuka kuwa mkunjo nadhifu mbele. Ikishonwa yote, pembe haitageuka. Ikiachwa zaidi ya milimita 8, litabaki tundu.

Kuunganisha ncha mbili

Mshono husimama zikiwa zimebaki kama sentimita 25 kufikia pale ulipoanzia. Ncha mbili hulazwa juu ya mfarishi na kukatwa zipishane kwa kipimo kilicho sawa na upana wa utepe kabla ya kukunjwa, yaani sentimita 6. Kisha zote mbili hufunguliwa, huwekwa nyuso zikitazamana kwa pembe mraba, na kushonwa kwa mshazari kama maungio ya mwanzo. Mfarishi hukunjwa kidogo kati ya ncha hizo ili kupata nafasi ya kuzifikisha kwenye sindano. Kabla ya kukata ziada, utepe hurudishwa mahali pake kuthibitisha kwamba haujajipinda na unatosha bila kuvuta. Baadaye hukunjwa tena na sehemu iliyobaki hushonwa.

Anayeona njia hiyo ni nzito huweza kukunja ncha ya mwanzo kwa ndani kwa mshazari, kisha kuiingiza ncha ya mwisho ndani yake kwa sentimita 3. Maungio huwa manene kidogo lakini imara.

Mshono wa pili: mbele

Mfarishi hugeuzwa upande wa mbele ukitazama juu. Utepe hupigwa pasi kwanza ukielekea nje, kisha huzungushwa juu ya ukingo hadi mkunjo wake uvuke mshono wa kwanza kwa milimita 3. Usipofika hapo, akiba ya mshono ni kubwa mno au kijazo ni kinene kuliko kilivyopimwa, na ukingo hupunguzwa milimita moja au mbili kwa mkasi. Vibanio vya kuanikia nguo hushika ukingo mnene vizuri kuliko pini, kwani havipindi tabaka. Anayetaka uhakika zaidi hupiga bandi kwa mkono kuzunguka upande mzima.

Kwenye pembe, upande mmoja hukunjwa kwanza hadi mwisho, kisha wa pili huja juu yake na kufanya mshazari. Uvimbe wa mbele huelekezwa kinyume cha uvimbe wa nyuma ili unene ugawanyike.

Mshono hupitishwa juu ya utepe, milimita 2 kutoka kwenye mkunjo, hatua zikiwa milimita 3 au zaidi kidogo. Macho hufuata mkunjo, si sindano. Kijiti cha mshikaki hutumika kushikilia mkunjo mbele ya mguu mahali ambapo kidole hakifiki salama. Sentimita tano za mwisho kabla ya pembe huendeshwa kwa gurudumu la mkono. Sindano hushushwa ndani ya kitambaa kwenye makutano ya mshazari, mguu huinuliwa, mfarishi hugeuzwa, mguu hushushwa, na kazi huendelea. Mshono humalizikia pale ulipoanzia, ukipishana kwa sentimita 2.

Ukigeuzwa nyuma, mfarishi uliopimwa vizuri huonyesha mstari mmoja wa mshono ukifuata ukingo wa utepe kwa karibu, takriban milimita moja nje yake au juu yake kabisa. Mstari huo ukitangatanga, upana wa utepe mbele haukuwa sawa wakati wa kubana.

Kasoro na tiba zake

Mshono wa mbele ukikosa mkunjo na kuacha mwanya, sehemu hiyo tu hufumuliwa, sentimita 3 kabla na baada, na kushonwa upya. Haifai kupitisha mshono wa pili sambamba na wa kwanza, kwani huonekana na hauzibi kitu.

Ukingo ukikunyata, utepe ulivutwa wakati wa mshono wa kwanza au haukufuliwa. Ukipiga mawimbi, ukingo wa mfarishi ndio uliovutwa. Makosa haya mawili hayatibiki kwa pasi. Upande husika hufumuliwa.

Mikunjo midogo ya mshazari inayojitokeza kwenye utepe baada ya mshono wa mbele ni dalili kwamba mguu unasukuma tabaka la juu. Tiba ni kupunguza mkandamizo na kusimama kila sentimita 15, sindano ikiwa chini, ili kuinua mguu na kuachia kitambaa kikae.

Cherehani kikiruka penye maungio, sindano hubadilishwa kwa iliyo nene zaidi. Uzi ukijikusanya chini, uzi wa juu haukupita sawasawa kwenye visahani vya mkazo. Hutolewa na kupitishwa upya mguu ukiwa juu.

Pembe za mviringo

Mfarishi wa mtoto mara nyingi hupewa pembe za mviringo, zinazochorwa kwa kuzungusha kalamu kwenye sahani. Hapo utepe ulionyooka haufai, na vipande hukatwa kwa mshazari wa nyuzi 45. Mraba wa kitenge wa sentimita 75 hutoa takriban mita 9 za utepe wa sentimita 6 kabla ya kuondoa maungio, kwa kuwa eneo la mraba huo, sentimita za mraba 5,625, hugawanywa kwa upana. Utepe huo hushikwa kwa upole na kupigwa pasi kwa kuibonyeza, si kuiburuza. Kwenye mzunguko hulazwa kwa ulegevu kidogo, maana ukingo wa nje wa utepe uliogeuzwa una safari ndefu kuliko wa ndani. Hakuna mkunjo wa pembe. Mshono hupita bila kusimama.

Kufua na kukarabati

Mfarishi wenye utepe wa mishono miwili hufuliwa kwa maji baridi au ya vuguvugu na kuanikwa ukiwa umelazwa juu ya kamba mbili au zaidi, ili uzito wa maji usivute upande mmoja. Wenye sufi haulowekwi. Huanikwa juani, hupigwapigwa kuondoa vumbi, na ukingo tu hufutwa kwa kitambaa chenye maji na sabuni.

Utepe ukichakaa upande wa kichwani, ambako ndiko unakoisha kwanza, si lazima kuondoa wote. Upande huo hufumuliwa kutoka sentimita 5 baada ya pembe moja hadi sentimita 5 kabla ya pembe ya pili. Utepe mpya hukatwa kwa kipimo kile kile, ncha zake huungwa kwa mshazari na zile za zamani, na mishono miwili hurudiwa kwa utaratibu ule ule, nyuma kwanza na mbele baadaye. Kama pembe nazo zimetoboka, utepe hubadilishwa wote, na mfarishi hupunguzwa milimita 8 kila upande ili utepe mpya ushike kitambaa kisichokuwa na matundu ya sindano.